Albert Einstein na Kanuni Tatu za Mwanga: Maisha Yake kwa Mwalimu wa Fizikia

Mada ya leza ni miongoni mwa zile zinazofundishwa kwa haraka na kusahauliwa kwa haraka zaidi katika madarasa ya juu ya sekondari. Mwanafunzi huandika majina ya matendo matatu, yaani ufyonzaji wa mwanga, utoaji wa hiari na utoaji wa kuchochewa, akachora picha tatu ndogo zenye mistari miwili na mshale, kisha daftari likafungwa. Ukimwuliza kwa nini hilo tendo la tatu liwepo, aghalabu atajibu kwamba lipo kwa sababu bila hilo leza isingefanya kazi. Jibu hilo linayaweka mambo kichwa chini miguu juu. Tendo la tatu lilijulikana mwaka 1916, na leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo 44 hapakuwa na chombo chochote cha kulidai. Lililolidai ni hoja, nayo iliandikwa kwa kalamu na karatasi na mtu ambaye hakuwa na maabara.

Kwa walimu wa Mbulu na Hanang jambo hili lina uzito wake. Mwalimu aliye na chumba kimoja cha sayansi na kabati la vifaa lenye kioo kimoja cha lenzi huona kuwa somo la mwanga wa kisasa si lake, bali ni la shule za mijini. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo kwa kuyaelekeza kwenye hoja yake ya mwaka 1916, ili ionekane kwamba hoja nzima yaweza kufuatwa darasani bila kifaa hata kimoja cha kununua.

Albert Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi, 1879, katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, kwa wazazi Wayahudi, Hermann na Pauline. Mwaka uliofuata familia hiyo ilihamia Munich, ambako baba yake na baba yake mdogo, Jakob, waliendesha karakana ya vifaa vya umeme. Alipokuwa bado mtoto mdogo, baba yake alimwonyesha dira, naye akashangazwa na sindano iliyogeuka pasipo kuguswa. Jakob alimfundisha aljebra kama mchezo wa kuwinda mnyama asiyejulikana jina. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, Max Talmud, aliyekuwa akija nyumbani kwao kula chakula kila juma, alimletea vitabu vya sayansi na jiometria.

Iko hadithi inayopendwa sana na wanafunzi wasiopenda kujisomea, kwamba Einstein alishindwa hisabati shuleni. Si kweli, na haifai mwalimu kuirudia hata kwa nia ya kuwatia moyo walio dhaifu. Kabla hajatimiza miaka 16 alikuwa amekwisha kujifunza kalkulasi peke yake. Alichoshindwa ni kuuvumilia utaratibu wa shule ya Munich, uliokuwa wa kukariri na kutii. Mwaka 1894 biashara ya baba yake ilianguka, wazazi wakahamia Italia, na mwishoni mwa mwaka huo kijana naye akaiacha shule na kuwafuata. Mwaka 1895 alifanya mtihani wa kuingia Chuo cha Ufundi cha Zurich, Uswisi, akiwa mdogo kuliko umri uliotakiwa kwa miaka miwili hivi. Alifanya vizuri katika hisabati na fizikia, akaanguka katika masomo mengine, akashauriwa kumaliza kwanza sekondari katika mji wa Aarau.

Mwaka huo wa Aarau unatuhusu sisi walimu kuliko miaka mingine yote ya ujana wake. Shule ile ilifuata mafundisho ya Pestalozzi, mlezi mashuhuri wa Uswisi aliyesisitiza kwamba mtoto aanze kwa kuona na kushika, afuate kufikiri, na fomula zije mwisho. Ni huko Aarau ambako Einstein, akiwa na miaka 16, alianza kujiuliza angeona nini kama angeweza kuukimbilia mwali wa mwanga na kwenda nao sambamba. Tabia hiyo ya kujenga picha akilini na kuiuliza maswali hakuiacha tena maishani.

Alihitimu Zurich mwaka 1900, lakini hakupata kazi chuoni. Mwaka 1901 alikuwa mwalimu wa muda katika mji wa Winterthur, kisha mkufunzi wa binafsi huko Schaffhausen. Mwaka 1902 aliajiriwa katika ofisi ya hataza mjini Bern, kazi yake ikiwa kukagua maombi ya wavumbuzi. Mwaka 1903 alimwoa Mileva Marić, mwanafunzi mwenzake wa fizikia. Mwaka 1905, akiwa bado karani wa serikali mwenye umri wa miaka 26, alitoa makala yaliyobadili fizikia, mojawapo likidai kwamba mwanga husafiri na kupokelewa katika vifungu vidogo visivyogawanyika, vile tunavyoviita leo fotoni. Dai hilo lilikataliwa na takriban wanafizikia wote. Hata Max Planck, aliyeanzisha mwaka 1900 wazo la nishati ya vifungu, alipompendekeza Einstein kwenye Akademia ya Prussia mwaka 1913 aliomba asihukumiwe vikali kwa sababu ya dai hilo.

Alipata uprofesa Zurich mwaka 1909, akaenda Prague mwaka 1911, akarudi Zurich mwaka 1912, na mwaka 1914 akafika Berlin. Miezi michache baadaye vita vikazuka. Ndoa yake ilikuwa imevunjika tayari, na Mileva akarudi Zurich na watoto wawili wa kiume. Wanasayansi wengi wa Ujerumani walipotia saini tamko la kuunga mkono vita, Einstein alitia saini tamko jingine la kuvipinga, ambalo lilipata watu wachache mno wa kuliunga mkono. Novemba 1915 alikamilisha nadharia yake ya uvutano, kazi iliyomchosha sana mwili na akili.

Kipindi kilichofuata mwalimu wa wilaya zetu anaweza kukipigia kigingi kwa historia ya hapa hapa. Mwezi Aprili 1916 majeshi yaliyokuwa upande wa Uingereza yalishuka kutoka Arusha, yakapita Ufiome na kuingia Kondoa, na utawala wa Kijerumani katika nchi za kandokando ya Mlima Hanang ukafikia mwisho. Miezi michache baadaye, katika mji mkuu wa utawala huo huo, Einstein aliurudia mwanga. Makala yake juu ya kutoa na kufyonza mnururisho yalitoka mwaka huo wa 1916, na lile kubwa zaidi juu ya nadharia ya kwanta ya mnururisho lilitoka kwanza Zurich mwaka huo huo, likachapishwa tena mwaka 1917 katika jarida lililosomwa na wengi.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Planck alikuwa amepata fomula sahihi ya mwanga utokao katika kitu chenye joto, lakini njia aliyoipitia haikumridhisha mtu. Niels Bohr, kwa upande mwingine, alikuwa amefundisha mwaka 1913 kwamba atomu ina ngazi za nishati, na kwamba hutoa au hupokea mwanga inapohama kutoka ngazi moja hadi nyingine. Je, ngazi za Bohr zaweza kutupa fomula ya Planck?

Einstein alichukua atomu zenye ngazi mbili tu. Tuite N1 idadi ya atomu zilizo chini na N2 idadi ya zilizo juu. Tuite R wingi wa mwanga unaozizunguka wenye marudio yanayofaa, yaani ule ambao kila fotoni yake ina nishati iliyo sawa na tofauti ya ngazi hizo mbili. Atomu ya chini yaweza kufyonza mwanga na kupanda. Idadi ya zinazopanda kwa sekunde ni B12 × N1 × R, kwa kuwa atomu zikiwa nyingi zaidi au mwanga ukiwa mwingi zaidi, wanaopanda nao huongezeka. Atomu ya juu yaweza kushuka yenyewe, hata gizani. Idadi ya hizo ni A × N2. Hapa Einstein aliazima sheria ambayo wanafunzi wetu wanaijua kutoka mahali pengine, ile ya kuoza kwa vitu vya unururifu. Hatuwezi kusema atomu ipi itashuka lini, ila twaweza kusema ni sehemu gani ya atomu nyingi itashuka katika muda fulani.

Kama mambo yangeishia hapo, matendo yangekuwa mawili. Ni vema mwalimu asimame hapa na kuwaacha wanafunzi wayajaribu matendo hayo mawili kabla ya kuwaambia la tatu, maana ndipo ugunduzi ulipo.

Zichorwe ngazi mbili sakafuni kwa chaki, na ziwekwe punje 40 za mahindi. Kanuni ya kwanza: katika kila mzunguko, sehemu moja ya kumi ya punje za chini hupanda. Kanuni ya pili: sehemu mbili za kumi za punje za juu hushuka zenyewe. Wanafunzi wataona kwamba baada ya mizunguko kadhaa idadi hutulia, takriban 27 chini na 13 juu. Sasa mwanga uongezwe mara 6, hivyo sehemu sita za kumi za chini zipande kila mzunguko. Msawazo mpya utakuwa punje 10 chini na 30 juu, kwani sita zinapanda na sita zinashuka. Mwanga ukizidi kuongezwa, karibu punje zote zitahamia juu.

Waulizwe basi kama jambo hilo laweza kutokea ndani ya tanuri. Haliwezi. Kanuni ya Boltzmann, ambayo wameisoma katika sura ya joto, yasema kwamba katika msawazo wa joto ngazi ya juu daima ina atomu chache kuliko ya chini. Tanuri likiwashwa sana, tofauti hupungua, na katika joto lisilo na kikomo zingelingana, lakini za juu hazizidi kamwe. (Tunachukulia hapa kwamba kila ngazi ina nafasi sawa, penye nafasi zisizo sawa hesabu hurekebishwa kidogo.) Ni dhahiri kwamba kuna tendo linalokosekana, na tendo hilo hapana budi liwe la kushusha, tena liwe na nguvu kadiri mwanga unavyoongezeka.

Hilo ndilo tendo la tatu: mwanga unaopita huisukuma atomu iliyo juu ishuke na kutoa fotoni yake. Idadi yake kwa sekunde ni B21 × N2 × R. Turudi kwenye punje. Pamoja na kanuni mbili za kwanza, iongezwe ya tatu, kwamba sehemu ile ile inayopanda kutoka chini hushuka pia kutoka juu kwa kuchochewa. Kwa mwanga wa awali, punje hutulia 30 chini na 10 juu: tatu zinapanda, moja inashuka kwa kuchochewa, mbili zinashuka zenyewe. Mwanga ukiongezwa mara 6 zinakuwa karibu 23 chini na 17 juu. Ukiongezwa bila kikomo zinakaribia 20 kwa 20, wala hazivuki hapo.

Kwa herufi hoja hiyo ni fupi. Katika msawazo, B12 × N1 × R ni sawa na A × N2 + B21 × N2 × R. Uwiano wa N1 kwa N2 ni e kwa kipeo cha hf/kT, ambapo f ni marudio, T ni jotoridi, h ni namba ya Planck na k ni ya Boltzmann. Joto likipanda pasipo mwisho, R nayo haina budi kupanda pasipo mwisho, na hilo huwezekana tu iwapo B12 na B21 ni sawa. Kinachobaki ni R = (A/B) ÷ (e kwa kipeo cha hf/kT, toa 1), na hiyo ni fomula ya Planck. Kwa kulinganisha tunapata kwamba A/B ni 8πhf³ ÷ c³. Mwanafunzi akiuliza ile 1 inayotolewa imetoka wapi, aonyeshwe kwamba imetoka katika tendo la tatu. Likifutwa, 1 hiyo hutoweka, na tunabaki na fomula ya zamani ya Wien, ambayo vipimo vya Berlin vilikwisha kuonyesha kuwa haifai kwa mawimbi marefu.

Einstein mwenyewe aliithamini zaidi sehemu ya pili ya makala, ambayo vitabu vyetu huiruka. Humo alionyesha kwamba ili atomu za gesi zibaki na mwendo unaopatana na joto lake, kila fotoni inayotolewa au kufyonzwa lazima iwe na upande maalumu inakoelekea na msukumo wa hf/c. Fotoni ikawa si kifungu cha nishati tu. Lakini hapo hapo palikuwa na jambo lililomkera hadi mwisho wa maisha yake: saa ya kushuka kwa atomu na upande ambao fotoni itaelekea vimeachwa kwa bahati. Mtu aliyeingiza bahati katika mwanga alikuja kuwa mpinzani mkubwa wa bahati.

Yafaa kusema neno juu ya maneno. Wanafunzi wengi wa huku huanza maisha kwa Kiiraqw au Kidatoga, hujifunza Kiswahili, kisha huijibu fizikia kwa Kiingereza. Neno kuchochea linatusaidia, kwa kuwa kila mtoto amechochea moto. Neno hiari linahitaji tahadhari, maana atomu haina utashi. Maana yake hapa ni pasipo kusukumwa na mwanga ulioko. Aidha, mfano wa jiwe lililoko kilimani, lishukalo lenyewe au kwa kusukumwa, umezoeleka sana. Katika shule za Hanang nisingeutumia. Tarehe 3 Desemba, 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlimani, yakaingia Katesh na vijiji jirani na kuua watu wengi. Mwanafunzi aliyefiwa siku ile hatasikia habari za nishati. Punje za mahindi zinatosha. Zina upungufu mmoja tu: haziwezi kuonyesha kwamba fotoni iliyochochewa hufuata upande, marudio na mwendo ule ule wa ile iliyoichochea, na hapo mwalimu aseme wazi kwamba mfano umefika mwisho.

Mwaka 1917 Einstein aliugua vibaya tumbo, akauguzwa na binamu yake Elsa, ambaye alimwoa mwaka 1919. Mwaka huo, wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei, vipimo vya Waingereza viliithibitisha nadharia yake ya uvutano, akawa maarufu duniani kote. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, aliyopewa mwaka 1922, ilitaja kazi yake juu ya mwanga kutoa elektroni katika metali, si uvutano. Fedha zake zilikwenda kwa Mileva. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka hakurudi tena Ujerumani, akahamia Princeton, Marekani. Barua aliyotia saini mwaka 1939 kumtahadharisha Rais wa Marekani juu ya bomu la atomu inajulikana vya kutosha.

Na tendo la tatu? Lilikaa karibu kusahauliwa. Mwaka 1928 Rudolf Ladenburg na Hans Kopfermann walipata dalili zake katika gesi ya neoni iliyopitishwa umeme. Hesabu ndiyo inayoeleza kwa nini halikuonekana kirahisi. Uwiano wa utoaji wa kuchochewa kwa ule wa hiari, katika msawazo wa joto, ni 1 ÷ (e kwa kipeo cha hf/kT, toa 1). Kwa mwanga mwekundu ndani ya waya wa balbu wenye kelvini 3000, unapata takriban 1 kwa 2000. Kwenye uso wa jua, kelvini 5800, ni karibu 1 kwa 50. Katika joto la darasa, kelvini 300, hata gesi ya chumba kizima haitegemewi kuwa na atomu moja iliyo juu kwa mwanga huo. Lakini kwa mawimbi ya redio mafupi ya amonia, marudio bilioni 24 hivi kwa sekunde, katika joto lile lile la kelvini 300 uwiano unageuka: kuchochewa kunazidi hiari zaidi ya mara 250. Wanafunzi wakizifanya hesabu hizi nne wenyewe, wataona kwa nini Charles Townes na wenzake walifaulu kwanza kwa amonia, mwaka 1954, na kwa mwanga unaoonekana baadaye.

Wataona pia kutoka kwenye punje zao kwamba mwanga peke yake hauwezi kuzifanya za juu ziwe nyingi kuliko za chini katika ngazi mbili, na bila hivyo mwanga unaopita hufyonzwa zaidi kuliko unavyoongezeka. Townes alizitenga molekuli zilizo juu kwa uga wa umeme. Theodore Maiman, huko California tarehe 16 Mei, 1960, alitumia fuwele ya yakuti yenye ngazi tatu: taa kali ilizipandisha atomu hadi ngazi ya juu kabisa, zikateremka upesi hadi ya kati, zikakaa hapo kwa muda na kuzidi zile za chini. Mwongezee mwanafunzi mstari wa tatu wa chaki sakafuni na aipange njia hiyo mwenyewe.

Einstein alifariki Princeton tarehe 18 Aprili, 1955, mwaka ambao hospitali ya Haydom wilayani Mbulu ilifunguliwa. Leza hakuiona. Leo kalamu ndogo za leza nyekundu zinauzwa kwa bei rahisi, nazo hutumia kipande cha nusu-kipitishi badala ya yakuti. Mwalimu akiipata moja, ailenge kwenye upande unaong'aa wa sidii, kisha afanye hivyo kwa tochi ya kawaida: tochi itatawanyika katika rangi nyingi ukutani, leza itabaki madoa ya rangi moja. Asiruhusu ielekezwe machoni mwa mtu yeyote, wala kwenye kioo kinachotazama darasa.